Taru Kavaa

Miaka ishirini na miwili Shee aliendesha lori,
Kilindini kwenda bara, bara kurudi Kilindini,
na kila vuli ikinyesha ikakatika
alirudi Mwembe Tayari na vumbi jekundu masikioni,
akasema kabla hata ya kuomba maji:
"Leo nimepita Taru. Kavaa nyeupe."

Shangazi Mwanahalima akanyamaza.
Akampakulia wali. Akahesabu vipande vya samaki.
Taru, akajiambia, ni jina la mtu.

Sasa Shee ana nyonga mbovu, lori limeuzwa chuma chakavu,
na juzi usiku alisema tena, akiiambia redio, si mtu:
"Mvua imeshika nyika. Wiki hii atavaa."
Kulipokucha shangazi akanigongea dirisha.
"Una gari?"
Nina Probox ya Twalib, breki zapiga mluzi,
mlango wa nyuma wafungwa kwa kamba.
"Basi twende nikamwone."

Tulichelewa. Changamwe malori yamelala njiani kama ng'ombe.
Mazeras akataka viazi karai, akataka na ukwaju,
akarudisha ukwaju kwamba una maji.
Mariakani, kwenye mizani, askari akatuuliza tumebeba nini.
"Wivu," akasema shangazi, "na chupa ya chai."
Akatupisha.

Taru, saa saba mchana.
Jua limesimama wima juu ya udongo mwekundu,
na juu ya vichaka, kote, mpaka macho yachoke,
karatasi za shashi, zilizolowa, zilizofinyangwa,
kama kwamba basi zima limeshikwa na mafua
likapenga likatupa nje.

"Ndiye huyu?"
Akacheka kwa pua.

Kijana wa mbuzi, Ndoro, alitutazama
kama atazamavyo mtu wageni wa harusi ya jana.
"Mmekuja yamefunga.
Hufunguka alfajiri. Jua likikaza, basi.
Ya kesho ni mengine."
Ya kesho ni mengine: neno hilo
likamkalisha shangazi juu ya jiwe.

Tulilala garini, mbele ya kituo cha mafuta,
mimi, mbu, harufu ya dizeli, na shangazi akinisimulia
mambo ya mwaka wa tisini na nne
ambayo sikupaswa kuyajua.

Alfajiri.
Nitasema kwa mpango, nisije nikatia chumvi.
Kwanza kijivu.
Halafu kijivu kikaota midomo.
Halafu midomo ikafunguka, mmoja, kumi, nyika nzima,
myeupe, na ndani ya koo zambarau kidogo
kama wanja wa mtu aliyelia akanawa.
Nyuki walishawahi kazini.
Umande ukamlowesha shangazi buibui mpaka magotini.
Hakuchuma hata moja. Alipita katikati kwa adabu,
kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Simu ikalia.
"Uko wapi wewe tangu jana?"
"Kwa mke mwenzangu."
Kimya. Huko barabarani lori likabadilisha gia.
"Kavaa?"
"Kavaa. Tena mzuri kunishinda.
Mbona hukunileta nilipokuwa na miguu?"
Jibu sikulisikia. Shangazi alikuwa amenigeuzia mgongo,
sikio moja kwa Shee, la pili kwa nyuki,
na mabega yake yalitikisika, kwa kicheko au kwa lile jingine,
sikuzunguka kwenda kutazama.

Saa nne yakaanza kujikunja.
Tukawasha gari; lilikataa mara mbili, la tatu likatuhurumia.

Karibu na Miritini, mtaroni,
upepo ulikuwa umezagaza vitu vyeupe.
"Punguza mwendo," akasema.
"Shangazi, yale ni makaratasi."
"Kwani mimi nimesema nini?
Punguza."